Kifaa Kilichopotea kwa Mama Zaina

Mimi ni mtafiti wa mitandao isiyotumia waya. Kijijini Malindi, Lushoto, nilifunga mashambani vifaa vidogo vinavyopima unyevu wa udongo na kupashana taarifa kwa mawimbi. Kimoja kikatoweka kwenye kabichi za Mama Zaina, mjane aliyenipa chumba na kunipikia kama mwanawe.

Nikawasha kompyuta nitafute mawimbi yake. Yalikuwa na nguvu humo humo nyumbani kwa Mama Zaina. Mimi msomi, badala ya kujiuliza mara mbili, nikamwita mwenyekiti wa kijiji. Majirani nao wakaja, wakasimama kwenye ukungu wakinong'ona Kishambaa.

"Mwanangu, sijakigusa," alisema Mama Zaina.

"Mama, mashine haidanganyi," nikamjibu bila kumtazama usoni.

Tulipekua jikoni, kisha kitandani kwake. Kila nilikoingia, mawimbi yalikuwa na nguvu. Nikatua begi langu nililokuwa nimelibeba mgongoni muda wote, nikaenda kupima zizini. Mawimbi yakafifia.

Mwenyekiti akalitazama begi. "Hebu lifungue."

Kifaa kilikuwa ndani ya sweta langu, taa yake ikimetameta. Nilikuwa nimekitoa mwenyewe kubadili betri, nikasahau. Mama Zaina alikuwa anaokota nguo zake sakafuni, na hakuinua kichwa.