Bao la Kuhurumiwa

Nilipotoka hospitali baada ya kile walichokiita kiharusi chepesi, kila mtu aliniambia nipumzike: mke wangu, watoto, hata mama muuza vitumbua wa mtaani kwetu Mbagala. Daktari peke yake ndiye aliyesema tofauti. Alitaka nitembee kila siku na nisikiache kichwa kilale. Nilikuwa nimestaafu ualimu wa hesabu muda si mrefu, na mkono wa kulia ulikuwa mzito. Mkono haukunisumbua sana. Kilichonitia hofu ni kwamba pale wodini nilimwita mke wangu kwa jina la dada yangu, marehemu, tena si mara moja. Nilitaka kujua kama akili yangu bado ni yangu, na sikujua nimuulize nani.

Nikaona bao litanijibu. Kabla ya kuugua nilikuwa nakwenda kila alasiri kwenye kibaraza cha jirani yangu, dereva mstaafu wa malori, tukacheza hadi adhana ya Magharibi. Yeye ni mtu wa Lindi aliyekua na kete mkononi. Mimi wa bara nilijifunza ukubwani, kwa hiyo alikuwa akinifunga anavyotaka, na akishanifunga hutoa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Bao bila kejeli si bao. Anayefungwa huambiwa arudi kwao akachunge mbuzi.

Basi nikarudi kibarazani, na nikaanza kushinda. Nilishinda siku ya kwanza, nikashinda iliyofuata, nikawa mfalme. Mke wangu akawapigia watoto simu kwamba kichwa cha baba yao kimerudi. Nami nilikuwa karibu kuamini. Ila nimefundisha hesabu miaka mingi, na jibu lililopatikana kirahisi mno nina tabia ya kulitazama mara mbili. Mbona nacheza ovyo na sipati hasara? Na mbona jirani yangu, na ulimi wake ule, akifungwa anasema tu, "Hongera, mwalimu," kwa sauti ya mtu aliyekuja kutoa pole?

Nikafanya jaribio. Katika bao kuna shimo linaloitwa nyumba, ndimo unamorundika kete nyingi, na mpinzani mwenye macho haachi kuila ikikaa wazi. Yangu niliiacha wazi makusudi, imejaa. Hata aliyejifunza juzi angeiona. Jirani akainama, akaitazama, kisha akapeleka mkono kando akala kashimo kenye kete mbili. Waliokaa pembeni wakageuza macho barabarani. Hakuna aliyepiga kelele, na hao ni watu wasioweza kuona kosa la mtu wakanyamaza.

Nilikasirika, halafu hasira ikanitoka. Kwao mgonjwa hafungwi. Wangeniletea uji, wangenishika mkono kuvuka barabara, na bao nalo wameliweka fungu hilohilo. Ningewalaumu wangeshangaa nimekosewa nini. Kwa hiyo niliendelea kwenda jioni na kupokea ushindi wangu, maana sikuwa na moyo wa kuwanyima wema wao. Lakini swali langu lilibaki palepale, tena limenenepa.

Ndipo nikaanza kwenda Charambe, mwendo wa miguu kutoka kwetu. Nilisikia kuna bao linachezwa nyuma ya genge moja, na huko hanijui mtu. Mke wangu nilimwambia daktari kasema nitembee, na huo si uongo. Nilitoka asubuhi kabla jua halijawa kali. Siku za mwanzo nilikuwa nikisimama kila mara, naegemea kuta za watu, najifanya nasoma matangazo ya waganga.

Aliyenipokea huko alikuwa muuza nazi mmoja, mtu wa makamo, kofia imeinamia sikio.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Karibu ukae. Ila shikamoo inaishia hapohapo, mzee wangu. Kwenye bao hatujuani."

Akanifunga. Akanifunga tena. Mkono wangu ulipogoma kuachia kete mojamoja, akaniinamia: "Mzee, hizo kete unazihesabu au unazisomea dua? Mie nazi zangu zitaota!" Wakacheka wote. Nilicheka nao, ingawa iliniuma kwelikweli. Njiani nikirudi, nikashtuka kwamba naurudia mchezo mzima kichwani, shimo kwa shimo, na nimeshapaona nilipokosea.

Nikawa mtu wa Charambe. Ugonjwa sikuutaja, mkono nilisema ni uzee. Udadisi ukanishika kama wa mwanafunzi. Kwa nini muuza nazi hujikuna shingo kabla ya kutega? Kwa nini naona mbali zaidi kete zikiwa kiganjani kuliko zikiwa shimoni? Vidole vikalegea taratibu, na kuta za watu nikaacha kuziegemea. Kufungwa niliendelea kufungwa, ila sasa alikuwa anatoa jasho.

Halafu asubuhi moja muuza nazi akaacha kejeli katikati ya mchezo. Nilidhani kachoka. Nikatazama upande wake, nikaelewa. Nikala, nikazungusha, nikala tena, na mstari wake wa mbele ukabaki mtupu. Mstari wa mbele ukiwa mtupu, mchezo umekwisha.

"Kaniibia huyu!" akasema. Akapapasa mashimo kwa kidole, moja baada ya jingine.

"Umeliwa! Kubali!" wenzake wakampigia kelele.

Hakukubali. Alizitupa kete zilizokuwa mkononi, akakamata toroli lake la nazi, akaondoka bila kuaga, na mteja wa kwanza aliyeuliza bei akafokewa.

Nilifika nyumbani natetemeka. Mke wangu alitoka jikoni mbio, akanishika mabega, akaniuliza nimepatwa na nini.

"Kuna mtu kanikasirikia," nikamwambia. "Kanikasirikia vibaya sana." Na hapohapo mlangoni nikalia kwa furaha.