Mikanda Mitano ya Filamu ya Kibatari

Mwaka 1977, katikati ya kipupwe, nikiwa na umri wa miaka ishirini na mitatu, niliajiriwa kuwa mkaguzi wa mikanda katika bohari ya filamu, Mji Mkongwe. Siku yenyewe ilikuwa Jumatatu, tarehe 11 Julai. Kabla yangu, mwanamke hakuwahi kuingia bohari ile ila kwa kufagia. Chuoni nilihitimu Msahafu mapema, lakini skuli niliingia ukubwani, katika darasa la jioni, pamoja na wanawake waliokuja na watoto mgongoni.

Mkuu wa Bohari alinikabidhi glavu za pamba na maneno machache. "Bi Mwanakhamis, hapa hatutazami picha. Hapa tunatibu picha. Anayetaka kutazama akakate tiketi."

Kazi ilikuwa hivi. Filamu moja hugawanywa katika mikanda kadhaa, kila mkanda katika kopo lake bapa la bati. Nilitakiwa kuupitisha mkanda wote baina ya vidole viwili, nikitafuta vitundu vya pembeni vilivyochanika, kwani ndivyo meno ya projekta yanavyoshikia. Nikipata palipoharibika, nilikata, nikakwangua utando, nikatia gundi na kubana kwa mashine ya kuungia. Kiungo kizuri hupita kwenye projekta bila ya kusikika. Hadi leo vidole vyangu hupapasa kila upindo wa kanga.

Filamu kubwa zilitufikia mara chache. Tulizozipata zaidi ni zile za gharama ndogo, zilizokwisha kuzunguka nchi nyingi na kuchoka, na miongoni mwazo nyingi zilihusu sayari na vyombo vya angani. Sayari zilikuwa za mbao na plasta. Madubwana yalikuwa watu waliovishwa magunia, na zipu ikionekana mgongoni. Filamu moja miongoni mwa hizo ilikuwa na chombo cha angani kilichofanana na kibatari kilichopinduliwa, na uzi uliokibeba ulionekana wazi. Jina lake la kigeni halikutukaa mdomoni. Sote tuliiita Filamu ya Kibatari.

Katika Ramadhani sinema zilifungwa, na mwezi mzima tulikagua mikanda ya Idd. Mwaka 1978 Filamu ya Kibatari ilikuwa zamu yangu. Ilikuwa na mikanda mitano. Karatasi za namba zilikuwa zimebanduka kwa unyevu wa masika, na vichwa vya mikanda, yaani vile vipande vya mwanzo vinavyotaja namba, vilikuwa vimekatika. Niliutambua mpangilio kwa kuzitazama picha dhidi ya taa, kisha nikayapanga makopo rafuni: la kwanza kuliani, la mwisho kushotoni. Sikufikiri hata kidogo. Tangu utotoni, kila kilichokuwa na mwanzo kwangu kilianzia kulia, kama mistari ya Msahafu. Fundi wa projekta, Haji, kijana wa Matemwe mwenye mikono mitulivu, alikuja kuyachukua akaanzia kushoto.

Onesho la alasiri la Idd mosi lilikuwa la wanawake peke yao, nami nilikata tiketi. Picha ilianza kwa moto na vilio. Nahodha wa chombo akafa mikononi mwa mkewe, na baada ya muda mfupi likatokea neno la kufunga filamu. Wanawake wakainuka, wakitafuta makubadhi yao. Mara picha ikaendelea, na nahodha yupo, mzima, anakunywa chai.

"We! Si kashakufa huyu?" mmoja alipiga kelele.

"Kaa kitako, shoga. Huko sayarini mtu anafufuka, anarudi ujanani."

"Basi nipelekeni na mimi, nnachoka na magoti haya!"

Ukumbi ulicheka hadi ukanyamaza wenyewe. Walitazama mpaka mwisho, ambao ulikuwa mwanzo: nahodha na mkewe wakikutana kwa mara ya kwanza. Nyuma yangu bibi mmoja alilia. Mimi nilikuwa nimekwisha kuelewa: nilipanga kuanzia kulia, Haji akachukua kuanzia kushoto.

Meneja wa Sinema alituita ofisini, mimi na Haji. "Nani kayapanga makopo?"

Nilifungua mdomo. Haji akanitangulia. "Mimi, Bwana Meneja. Niliyachanganya nilipokuwa nikiyapandisha juu."

"Fundi wa miaka minane kazini?"

"Ndiyo, bwana. Nimekosea."

Nje, ngazini, nilimwambia kwamba nitarudi ndani kusema kweli. Akanizuia. "Wewe uko kwenye majaribio. Ukikosea wewe, watasema wanawake hawaiwezi kazi. Nikikosea mimi, watasema Haji kakosea. Basi."

Aliandikiwa barua ya onyo kwa uzembe, akatolewa katika chumba cha projekta na kupelekwa kwenye gari la sinema, lililozunguka mashamba likionesha filamu za kilimo na afya. Alirejeshwa mjini mwaka 1985, lakini cheo cha fundi mkuu hakukipata hadi anastaafu. Mimi nilithibitishwa kazini tarehe 1 Novemba 1978. Tulifunga ndoa tarehe 12 Disemba 1980. Kila Idd watu waliiomba ile filamu, tena kinyumenyume kama walivyoizoea, na Haji alikuwa akinikonyeza tu.

Mwaka 1986 nilipandishwa kuwa Mkaguzi Mwandamizi. Video zilipoziua sinema, nilihamishiwa hifadhi ya nyaraka, na Mkurugenzi wetu alipenda kuniambia mbele ya wageni, "Huyu hajawahi kukosea." Nilikuwa nikiinamisha kichwa. Walidhani ni staha. Haji alifariki tarehe 9 Machi 2011, nami nilistaafu mwaka 2014, nikiwa na miaka sitini.

Novemba 2022, bohari yetu kuukuu ya Mji Mkongwe ilipokuwa ikibomolewa, mafundi walikuta makopo matano yananuka siki. Harufu hiyo ni ugonjwa wa filamu: mkanda unaanza kuoza. Bi Rahma, ofisa wa hifadhi anayetosha kuwa mjukuu wangu, alikuja nyumbani na kopo moja. "Shikamoo, Bibi. Tumepata kitu, lakini hatujui ni nini."

"Marahaba, mwanangu. Nikipapase kwanza."

Nilivitambua viungo vyangu kwa kidole. Mikanda ilinakiliwa kwenye kompyuta, ikaunganishwa kwa mpangilio wake sahihi, na tukaitazama pamoja na vijana wa ofisi. Walipouona uzi walicheka, kisha wakaacha. Kijana mmoja akasema kwamba waliotengeneza picha ile hawakuwa na kitu isipokuwa mbao na hamu, na bado walijaribu kwenda mbinguni. Nilimuunga mkono moyoni. Filamu kubwa huficha mikono iliyoitengeneza. Hizi ndogo zinaiacha wazi. Lakini mimi nilikuwa natazama jambo jingine: kwa mpangilio sahihi, nahodha anakufa na harudi.

Kisha Bi Rahma akanionesha maelezo ya maonesho yaliyokusudiwa. Yalisema kuwa mwaka 1978 filamu hii ilioneshwa kinyume "kutokana na uzembe wa fundi wa projekta", na jina la Haji likafuata. Ukurasa wa pili ulikuwa wa kunitunuku mimi, mkaguzi "asiyewahi kukosea".

"Haya mmeyatoa wapi?"

"Kwenye jalada lake, Bibi. Barua ya onyo ipo. Kufuta hatuwezi."

"Sitaki ufute. Nataka uongeze."

Nilimhadithia yote. Aliyaweka chini yale maelezo. "Bibi, ukiyasema haya mbele ya kamati ya maonesho, na tuzo yako je?"

"Nimeishi na sifa isiyo yangu miaka arubaini na nne. Yeye kazikwa na kosa lisilo lake."

Nawaambia wasomaji vijana kwamba usiku ule sikulala. Nilijivunia sana ile sifa, na kuivua kulikuwa kuzito kuliko nilivyotarajia.

Kamati ilikaa Alhamisi, tarehe 16 Februari 2023, saa nne asubuhi. Mwenyekiti aliuliza, "Bibi, una ushahidi gani?"

"Ninao ulimi wangu na kiapo. Na viungo vya mikanda ni vyangu. Angekuwa Haji amenisingizia, ningetafuta shahidi. Sasa najisingizia ya nini, mtu mzima kama mimi?"

Mjumbe mmoja alicheka, kisha wote. Niliapa, nikaandika maelezo yangu kwa mkono, na Katibu akaisoma nyongeza ya jalada la Haji: mkaguzi Mwanakhamis ndiye aliyeipanga mikanda kinyume; fundi Haji aliionesha kama alivyokabidhiwa, na alibeba lawama kwa hiari yake. Nikamwomba aisome tena. Akaisoma. Nikatia saini.

Bi Rahma akaniuliza kwa sauti ya chini afanye nini na lile neno "asiyewahi kukosea" katika ukurasa wangu. Nikamwambia alikate yeye. Mimi kazi ya kukata nimeshaistaafu.