Mchicha wa Mbegu

Fundi mwashi alijua kuta tu. Bustani ya nyuma ya nyumba ilikuwa ya mkewe, na ndiyo iliyowalisha tangu mikono ya fundi ilipoanza kutetemeka na kazi kukatika. Mwezi mmoja baada ya kumzika mkewe, aliona mashina ya mchicha yamerefuka, yamekakamaa, hayaliki tena. Akayang'oa yote na kuwarushia kuku wa jirani ng'ambo ya ua.

"Shemeji, leo umewafanyia kuku karamu!" jirani alicheka. Kisha akachungulia bustanini, kicheko kikamkauka. "Si ndiyo yale marehemu aliyoyaacha ya mbegu? Mbegu aliyokuja nayo alipoolewa?"

Fundi alivuka ua na uzee wake, akapiga magoti kati ya kuku, akawa anapekua mavumbi akitafuta vichembe vyeusi vidogo kuliko kichwa cha pini.

"Inuka, shemeji. Nitakupa mbegu zangu."

"Zako hazikupita mikononi mwake."

"Sasa msimu huu utakula nini?"

"Sijui. Nifukuzie kuku kwanza."

Jirani akawafukuza, wakarudi. Kila fundi alipookota chembe moja, wao walidonoa kumi.