Boksi Zisizo na Dirisha

Mimi si mtu wa kusimulia mizimu. Hapa mtaani kwetu Kasungami wananijua: nimetengeneza meno ya bandia maisha yangu yote, na kazi ile haimpi mtu nafasi ya kuota ndoto mchana. Kwa hiyo kama unataka kucheka, cheka sasa tumalize, halafu unisikilize. Haya yalinipata mimi, ndani ya nyumba yangu, nikiwa na akili zangu zote, na sikuwa nimekunywa kitu isipokuwa chai.

Mke wangu alipofariki niliacha kwenda kazini mjini. Watu niliwaambia ni miguu. Ukweli ni kwamba sikuweza kurudi jioni na kukuta mlango umefungwa, kwa hiyo niliona afadhali nisitoke kabisa. Nilibeba vifaa vyangu, plasta, rezini, nta, sindano za kuchongea, nikavileta nyumbani na kukaa navyo tu.

Aliyenitoa humo ni Madame Sylvie. Ana mkahawa kule mtaa wa Golf, na mama yake anatafuna kwa meno niliyomtengenezea mimi. Vijana wanajaa kwake kucheza mchezo wa mezani. Mmoja anasimulia kisa, wengine kila mmoja ana mtu wake mdogo wa plastiki aliyesimama mezani, shujaa wake, wanatupa dadu na kusema shujaa anafanya nini. Nilidhani ni mambo ya watoto, kumbe kuna mawakili wanacheza. Wale watu wadogo walikuwa wanaagizwa Ulaya na kufika wamevunjika miguu. Madame Sylvie akaniuliza, "Papa, weye unachonga meno ya bantu. Muntu mwenyewe utamushindwa?"

Sikumshindwa. Unachonga wa kwanza kwa nta, unamtengenezea kalibu, unamimina rezini, ile plastiki ya majimaji, ikiganda anatoka mtu wa urefu wa kidole gumba. Nilitengeneza mpiganaji, mwindaji, na mchimbaji mwenye taa kichwani, ambaye vijana walimpenda sana kwa sababu hapa kwetu nani hana mjomba aliyeshuka mgodini? Nikatengeneza na mganga, mwanamke mwenye kikapu cha dawa. Huyo mganga alitoka na sura ya mke wangu. Sikupanga, niamini. Mkono ulikwenda wenyewe, na nilipoweka lenzi jichoni nikakuta ananitazama. Nilikaa naye pale mpaka chai ikapoa.

Kufunga nako ni kazi, usidharau. Mwanzoni nilikata boksi ndogo za karatasi ngumu, ndani natandika pamba, mbele naacha dirisha la plastiki angavu. Nilikuwa nawalaza chali, uso dirishani, mnunuzi aone anachochukua. Wakati wa kufunga nilikuwa nazungumza na waganga wangu. Ulitaka nizungumze na nani?

Kisha Madame Sylvie akaja na maneno mapya. "Papa, ufunge boksi yote, muntu asione kitu. Bantu banapenda kujaribu shansi. Njo banarudia kununua." Huko nje, akasema, vitu vinauzwa kwa kubahatisha hivyo siku hizi. Picha za mashujaa wote ziwe nyuma ya boksi, lakini aliyemo ndani usimjue mpaka umenunua na kufungua, na ukishafungua hakuna kurudisha. Nikaondoa dirisha. Nikaanza kumtia kila mmoja kwanza kwenye kifuko kisichopenyeza mwanga, na boksi nikazisawazisha uzito kwa vipande vya plasta, maana wajanja wanapima kwa mkono. Kisha nazichanganya, hata mimi nisijue nani yuko wapi. Na kwa kuwa mganga ndiye aliyetafutwa kuliko wote, ikaamuliwa awe adimu, mmoja tu katika katoni nzima.

Nilipomfunga wa kwanza namna hiyo nilijisikia vibaya, kama nimemzimia mtu taa bado anasoma. Lakini zilinunuliwa! Vijana walifungua boksi baada ya boksi wakimtafuta mke wangu, na aliyempata alipiga picha naye. Nilifurahi, sifichi. Nilijiambia kwamba sasa anapendwa na watu wengi.

Basi. Ilikuwa majira ya mvua, alasiri, umeme umekatika. Katoni zilikuwa tayari mezani zikisubiri kwenda Golf. Nikasikia hodi, na kabla sijafika mlangoni mwanamke alikuwa ameshaingia, kitenge kichwani kimelowa. Uso wake haukuwa umefunikwa. Ila jicho langu lilikuwa haliushiki. Umewahi kutoka kwenye jua kali ukaingia ndani, ukajua kuna mtu pale lakini humpambanui? Ndivyo ilivyokuwa, na nje kulikuwa hakuna jua.

"Jambo papa. Nakuya kununua bantu badogo."

Nilimwambia wanauzwa kwa Madame Sylvie. Wakati nasema hivyo yeye ameshakaa kwenye kiti cha mke wangu. Ningemfukuza katika mvua ile? Na nikwambie jambo jingine: tangu matanga yaishe, hakuna aliyekuwa amekalia kile kiti. Nikawasha mbabula, jiko langu la makaa, nikaweka maji ya chai, na nikatafuta vikombe viwili. Kimoja kilikuwa na vumbi.

Wanunuzi wote wanatikisa boksi, wengine wananusa. Yeye aliingiza mkono katikati ya katoni akatoa boksi moja. "Ni huyu," akasema. Nikafungua. Mganga. Akaenda katoni ya pili, akatoa moja, na humo pia mganga. Mimi niliyewafunga nisingeweza. Hapo ndipo ningetakiwa kuogopa, sivyo? Ningeogopa, lakini alimshika yule mdogo kwenye kiganja na kuniuliza, "Alikuwa anacheka namna gani?"

Wewe hujafiwa na mke, labda hujui. Wakati wa matanga watu wanajaa uani, wanalala kwenye mikeka, wanalia kukuzidi. Yakiisha wanakunja turubai, na tangu siku hiyo wakikukuta wanakuuliza afya, mvua, unga wa bukari, ugali wetu. Habari zake yeye hawakuulizi tena, wanaogopa kukuumiza. Unabaki umejaa maneno na hakuna wa kuyapokea. Nilikuwa nimengoja swali lile kwa muda mrefu kiasi kwamba nililijibu kabla sijajiuliza huyu ni nani.

Nilijibu nini? Usiniulize. Nakumbuka nilisimama kumuonyesha, nakumbuka mvuke wa chai, nakumbuka mgeni alicheka na mimi nikacheka. Nilichomwambia hakimo tena kichwani mwangu.

Alitoa boksi nyingine, na swali jingine likafuata. Alifungaje kitambaa? Akikasirika alikuitaje? Akiosha vyombo aliimba nini? Boksi, swali, jibu. Nilikuwa mtu mwenye furaha, nakwambia waziwazi. Na kila nilipojibu, uso wake ulitulia kidogo, kwanza mdomo, kisha kidevu. Nililiona hilo, nikadhani ni macho yangu yanazoea giza.

Kisha waganga wakaisha, na mvua nayo ikaanza kupungua. Nilijua ataondoka. Akanyoosha kidole kwenye rafu, alikosimama yule wa kwanza kabisa, wa nta, niliyemchonga kwa mkono. Huyo hakuwahi kuwa na boksi.

"Na ule?"

"Ule siuzi, mama."

Hakubishana. Alirudisha kitenge kichwani akasimama, basi. Hakunitisha, hakuniroga, hakunishika mkono. Nilitazama kile kiti, nikaona jinsi kitakavyokuwa baada ya dakika moja, na kesho, na kesho kutwa.

"Ngoja, mama," nikasema. "Unywe chai ingine kwanza."

Akakaa. "Umufunge muzuri," akaniambia. Nikachukua boksi, nikatandika pamba, nikamlaza, nikaziba kila upande kwa gundi. Nikiwa bado nabana gundi akaniuliza la mwisho: sura yake ilikuwaje? Nikamweleza yote, kuanzia kipaji cha uso mpaka kidevu, polepole, bila kuruka kitu.

Nilipomaliza aliinua uso, na sasa niliuona vizuri. Alikuwa mwanamke wa makamo, mzuri, macho yamejaa machozi, na mwanya mpana katika meno ya mbele. Sikumjua. Na mimi, kwa ufundi wangu usiokoma, nikamwambia, "Mama, mi ni fundi ya meno. Ukipenda nitakuzibia ule mwanya."

"Weye na mwanya yangu," akasema kwa sauti ya chini. "Hauchoke?" Akafunga boksi zake ndani ya kitenge, akatoka.

Nje nikasikia beseni limeanguka. Jirani yangu, Mama Ngoy, alikuwa anakinga maji ya mvua kwenye ukuta wetu. Aliingia bila hodi.

"Papa, nilimuona Georgette na macho yangu. Alitoka mu nyumba yako sasa hivi."

"Georgette nani?" nikamuuliza.

Mama Ngoy akasema taratibu, kama anazungumza na mgonjwa, "Bibi yako, papa. Bibi yako mwenye tulizika shiye bote."

Alinishika mkono akanipeleka mbele ya picha ya harusi yetu ukutani. Kijana wa kushoto nilimtambua, nilikuwa mimi. Aliyesimama pembeni yake sikumjua. Mama Ngoy ndiye aliyenifundisha tena: kwamba siku tulipojuana nilitaka kuuziba mwanya wake akakataa, tukabishana, na ubishi ule ndio uliotuoza. Nayajua sasa kama nilivyojua katekisimu nikiwa mdogo. Nikiulizwa, najibu bila kukosea.

Nilikwenda Golf kwa wale vijana waliowahi kumpata. Mmoja aliniazima mganga wake. Nikaweka lenzi, nikaona mwanamke na kikapu. Kazi safi, mkono haukuteleza mahali popote. Nikamrudishia. Nimejaribu kumchonga upya kwa kutazama ile picha, lakini kila ninapofika usoni sindano inasimama.

Mama Ngoy anasema ni marehemu mwenyewe alikuja kujichukua, kwa sababu nilikuwa namuuza gizani, na mwenye kununua hata hajui amenunua nani. Wengine wanasema ni pepo aliyekuwa hana sura, akasikia kuna moja inagawiwa. Mimi sijui. Ninachojua ni kwamba uchungu hakuuchukua. Huo nimebaki nao wote, naamka nao, ila sijui tena ni wa nani.

Kwa hiyo wewe unayenisikiliza, kama una mtu uliyempoteza, usimfanye bidhaa. Na akija mgeni akakuuliza yale uliyokuwa unatamani kuulizwa, mpe chai, mpe hata mwavuli, lakini mengine mwambie ni yako, na asimame aende zake. Nakuonya kwa moyo wote. Mimi mwenyewe nimeshindwa. Mvua ikianza alasiri naacha mlango wazi, na vikombe vyote viwili naviosha, kwa sababu hata kama simjui, alikaa na mimi vizuri.