Sufuria ya Uji wa Karanga

Siku ya kwanza nilichelewa dakika nne kwa sababu treni ya kutoka Edmonton, kaskazini mwa London, ilisimama njiani. Mkuu wa Idara ya Lishe hakunisalimu. Alinipa daftari. "Hapa humkatazi mtu chakula kabla hujamuuliza," alisema. "Kala nini, kiasi gani, dalili zimeanza baada ya dakika ngapi." Ilikuwa kliniki ya watoto wenye mzio, yaani wale ambao kinga yao ya mwili hukiona chakula cha kawaida kuwa adui. Midomo huvimba, vipele hutoka, na wengine hubanwa pumzi.

Nyie mnaosomea lishe leo mna bahati. Sisi tuliamini kwamba mtoto mwenye pumu ya ngozi akikaa mbali na karanga miaka ya mwanzo, atasalimika. Idara ilitaka kipeperushi kwa kila lugha, na cha Kiswahili nilikiandika mimi. Nilikionea fahari mno. Nilikibandika kwa mkono wangu kwenye friji ya Mama Neema, Mtanzania mwenzangu, ambaye binti yake alikuwa na miezi sita na ngozi imechubuka kwa kujikuna.

Jikoni nilimkuta mama mzazi wa Mama Neema, aliyekuja kutoka Singida kulea mjukuu. Alikuwa anakoroga uji wa karanga.

"Shikamoo, mama. Huo uji mtoto asipewe."

"Marahaba. Mbona nyie wote mmekulia huu huu?"

Sikumuuliza hata swali moja. Nilimsomea kipeperushi kwa sauti. Mama Neema akaingiwa na hofu, akaibeba sufuria na uji wake, akaitupa kwenye pipa la nje. Bibi akabaki na mwiko mkononi.

Neema alipofikisha miaka mitatu alionja biskuti ya karanga kwenye sherehe, akaanguka. Ambulensi iliwahi. Tangu siku hiyo hatoki bila sindano zake mbili za adrenalini, dawa ya dharura ya mzio.

Miaka ikapita, utafiti ukatugeuza. Daktari Bingwa alituita, akasema bila kuzunguka, "Tulikosea. Wengi wao wangeanza karanga mapema, wangezoea." Mama Neema alikuwa amejifungua tena. Huyo mdogo, Baraka, tulimpima kwanza, kisha tukamwonjesha karanga zilizosagwa laini, ncha ya kijiko, pale pale kliniki. Tulimtazama saa nzima. Hakuvimba.

"Kwa hiyo mama yangu alikuwa sahihi?" Mama Neema aliniuliza.

Nilimwambia kwamba kuhusu Neema hakuna anayeweza kuapa kuwa uji ule ungemwokoa. Kisha nikalia mbele ya mgonjwa, jambo ambalo sikuwahi kulifanya.

Nilistaafu mwezi uliopita. Walinisifu kwa mengi, nami nilikuwa nawaza sufuria tu. Wiki hiyo hiyo nilimpigia Bibi simu Singida, nikamwomba radhi.

"Uji nilishausahau, mwanangu," alisema. "Sufuria ile nilitoka nayo nyumbani. Neema anakuja Desemba. Sasa naye nimpikie wa karanga?"

Nilitamani kusema ndiyo. Sijawahi kutamani neno hivyo.

"Hapana, mama. Baraka sawa. Neema hapana."

Nikamsikia akishusha pumzi.

"Haya. Nitampikia wa ulezi. Nitanunua na sufuria mpya, ambayo haijawahi kuona karanga."