Lori Lililotakiwa Lisisogee

Sifa njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeiweka milima mahali pake bila kutoka jasho, kisha akamuumba mwanadamu anayelowa mwili mzima kwa kuhamisha gunia moja. Rehema na amani zimfikie Mtume wake, na kila aliyewahi kumsaidia mwenzake mzigo. Haya ninayoyaeleza yalinipata mimi mwenyewe, na kila nikiyakumbuka hushukuru kwanza, ndipo nicheke.

Nilikuwa mchukuzi kwenye ghala la mahindi mjini Dodoma. Nilibeba magunia mawili kwa mkupuo, na wenzangu walizoea kunitumia kama vile winchi inavyotumiwa. Kisha biashara ikaachiwa huru. Wafanyabiashara wakaenda wenyewe vijijini kununua nafaka, na ghala letu likabakiwa na mlinzi na popo. Nilikuwa na mke, watoto, na shingo pana isiyo na kazi.

Siku hizo bidhaa mpya zilimiminika kama mvua ya mawe. Gari la matangazo la kampuni moja ya sabuni likapita mitaani likitangaza kwamba linamtafuta mtu mwenye nguvu. Ambaye angevuta lori kwa kamba hadi kwenye mstari wa chokaa, na kuwashinda wenzake, angeajiriwa mwaka mzima. Angezunguka na gari hilo akivuta lori hadharani, ili watu waamini kwamba sabuni ile ina nguvu. Lori na povu vinahusiana vipi, sikuelewa wakati ule, na hata leo bado namwomba Mungu anifunulie.

Mashindano yalifanyika Ipagala, kwenye uwanja uliozungukwa na mashamba ya uwele. Tuliobaki mwishoni tulikuwa wawili. Mwenzangu alitoka Moshi, kijana mwenye kifua kama kabati. Alivuta lori tupu hadi kwenye chokaa, akashangiliwa kidogo. Ikawa zamu yangu.

Nilifundishwa tangu chuo cha Kurani kwamba mtu haanzi jambo bila kuwasalimu waliomtangulia. Mbele kabisa aliketi bibi mmoja wa Kigogo, amejifunga kaniki.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Babu yako alikuwa mtu wa wapi?"

Hapo ilinipasa kunyamaza. "Alikuja na misafara kutoka Unyamwezi, bibi."

Lazima nieleze. Wagogo na Wanyamwezi ni watani tangu zama za misafara, wapagazi walipokuwa wakipita hapa na kuomba maji kwenye visima vya Wagogo. Mtani anaweza kukuvua kofia msibani akaondoka nayo, nawe ukacheka. Ukikasirika, umeuaibisha ukoo.

Bibi akasimama. "Kumbe ni mpagazi wetu!" aliwaambia wenzake. "Babu yake alikunywa maji yetu akaenda zake. Leo mjukuu atatubeba. Pandeni!"

Wakapanda. Bibi alitangulia, akisukumwa na wawili kutoka nyuma. Wakafuata wanaume na fimbo zao, wanawake na kuku wao, na mzee mmoja aliyekataa kumwacha mbuzi wake chini. Meneja wa sabuni akaja mbio.

"Kaka, waambie washuke! Lori linatakiwa liwe tupu!"

"Siwezi, bwana. Ni watani zangu."

"Watani nawajua, hata mimi ninao. Lakini wangu hawapandi magari ya kampuni!"

Nikajifunga kamba mabegani, nikasema Bismillahi, nikavuta. Lori halikutikisika.

"Vuta, mtumwa wangu!" bibi alipiga kelele. "Dereva, tumefika Tabora?"

"Mtafikaje na matumbo hayo?" nilijibu nikihema. "Mlenda wote wa Dodoma umo humo ndani!"

"Tena leo tulipunguza kula!"

Uwanja mzima ukavunjika mbavu. Watu walilala chini kwa kicheko, na walipoinuka wakanunua sabuni mpaka ikaisha. Meneja alinitazama, akalitazama boksi tupu, akatuajiri sote wawili: mwenzangu wa kuvuta, mimi wa kushindwa.

"Kazi yako ni kushindwa," aliniambia. "Ila shindwa vizuri."

Nilikwenda kwa mwalimu wangu wa dini kumuuliza kama ujira wa namna hiyo ni halali. Alicheka mpaka akafuta macho kwa kilemba, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. Kisha akawa mkali.

"Utakuwa unavuta kwa nguvu zako zote?"

"Ndiyo, sheikh."

"Basi unauza jasho, na jasho ni halali. Siku utakayojifanya unavuta, utakuwa umeuza uongo. Hapo usilete nyumbani hata kipande cha sabuni."

Tukazunguka. Kila tulipofika, kipaza sauti kilianza kwa kutangaza ukoo wangu, na Wagogo wakapanda. Kule Chemba, Warangi walisema hawajui kama wana utani nami, lakini wakapanda vilevile, ili wasiwaangushe wageni. Kijana wa Moshi alivuta lori lake tupu kila siku na hakuna aliyemjali. Jioni moja alinijia kwa unyenyekevu.

"Kaka, ule uso unaufanyaje?"

"Uso upi?"

"Ule wa kushindwa."

"Huo ndio uso wangu, mdogo wangu."

Hivyo ndivyo nilivyolisha familia. Unga ulikuwepo, ada za watoto zililipwa, na mke wangu akaacha kuuliza kazi yangu ni ipi hasa.

Kisha tukafika Gulwe. Lori liliegeshwa karibu na stesheni, likajaa watani mpaka bodi zikalia. Nikavuta. Wakatukana, nikatukana, kila kitu kikaenda kama kawaida. Ghafla treni ikapiga honi.

Treni ikifika Gulwe, utani husubiri. Watu waliruka kutoka kwenye lori na kuku wao, mayai yao na karanga zao, wakakimbilia madirishani kwa abiria. Nami bado nilikuwa nimeinama nikivuta kwa nguvu zangu zote. Lori likasogea.

Meneja akaja mbele yangu, akatembea kinyumenyume, akinong'ona. "Simama! Kaka, simama, utaniharibia!"

"Navuta, bwana."

"Legeza kamba tu! Nani atajua?"

Niliwaza watoto. Niliwaza ghala lenye popo. Kulegeza kamba kulihitaji nusu ya pumzi tu, na kweli, hakuna mtu ambaye angejua. Lakini nilikwishaambiwa ni siku gani nitakuwa nimeuza uongo, na siku yenyewe ilikuwa hii. Nikaendelea kutembea, nikauvuka mstari wa chokaa. Hapakuwa na wa kupiga makofi. Mzee mmoja tu alibaki ndani ya lori, hakuwa na cha kuuza. Alichungulia akauliza, "Mbona tunakwenda?"

Meneja alinifukuza palepale. "Nilikuajiri ushindwe," alisema, karibu alie. "Hata kushindwa kumekushinda!" Kijana wa Moshi akapewa nafasi yangu, nami nikamwombea heri.

Nikapanda treni hiyohiyo kurudi Dodoma. Ilipoanza kuondoka, mwanamke mmoja alikimbia pembeni, akanisukumia jogoo dirishani. "Chukua, mpagazi! Usije ukasema Wagogo walikuacha na njaa!"

Mke wangu alinipokea mlangoni.

"Mwenzangu, vipi leo?"

"Nimeshinda."

"Alhamdulillahi! Na kazi?"

"Imekwisha."

Alinitazama, akamtazama jogoo. "Haya, mchinje kabla hajajua kwamba hatuna kazi."

Tulikula, tukashukuru. Baadaye wale wafanyabiashara waliolimaliza ghala letu walihitaji wa kuwapakilia magunia, na Mungu akanifungulia hapo, kwa miaka mingi.

Nawe uliyenisoma hadi hapa, Mwenyezi Mungu akupe mgongo wenye afya, riziki usiyoionea haya, na mwenza atakayekucheka kwa upole siku mambo yakikuharibikia. Amin.