Beberu wa Mzee Mwadime

Meneja wetu leo hanisemeshi, na kisa ni mbuzi.

Fisi alimla beberu wa pekee wa Mzee Mwadime, mlinzi wetu pale ofisini Voi.
Mbuzi jike wote wakabaki wajane.

Sisi wafanyakazi tukachanga, tukanunua beberu mwingine, na leo tumempelekea Mzee kwake Mraru.

Meneja akaongoza maombi.
Kila akivuta pumzi, beberu analia "meee".
Sisi tunaitikia "Amina".

Mzee akafurahi, akamwambia bosi, "Huyu nampa jina lako. Ataitwa Meneja."
Makofi. Bosi kifua mbele.

Mama Mwadime akanigeukia mimi, tena kwa sauti.
"Na Meneja akishamaliza kazi, tunamchinja Krismasi?"

Sasa jamani, nilikosea wapi kumjibu wangoje Pasaka, anenepe kidogo?